Tundu Lisilofungwa

Saa nne usiku, Buyenzi hufunga madirisha. Mchana nyumba za mtaa huu huwa wazi: milango imeegeshwa, mapazia yanapepea, watu wako barazani na redio za jirani zinasikika hadi ng'ambo ya barabara. Giza likishakolea, makomeo yanashuka. Kila mkazi wa Bujumbura anazijua sababu: mwizi, mbu, na mvua inayoteremka kutoka milimani bila kubisha hodi. Kuanzia hapo hadi alfajiri, watu wanne au watano watavuta hewa ya chumba kimoja kwa saa saba, nane. Swali la nyumba inahitaji hewa safi kiasi gani linafaa kuulizwa saa hiyo. Mchana halina uzito, kwa kuwa dirisha lililo wazi linatosha na kubaki.

Michoro mingi ya nyumba katika ukanda wetu huliuliza mchana. Kanuni waliyoizoea wachoraji ni kwamba dirisha lisipungue sehemu ya kumi ya sakafu. Chumba cha mita 3 kwa 4 kina sakafu ya mita 12 za mraba. Basi kipewe dirisha la mita 1.2 za mraba, kazi imekwisha. Kwa mwanga ni kanuni nzuri. Kwa hewa, inafaa mpaka komeo linaposhuka, maana dirisha lililofungwa ni ukuta kama ukuta mwingine. Kinachobaki ni yale matundu ya juu, karibu na paa, yasiyo na kioo wala ubao wa kuyafungia. Mafundi wa hapa huyaita klaustra: matofali ya saruji yaliyotobolewa kwa mapambo ya msalaba, ya jani au ya duara, yakapangwa safu moja au mbili juu ya lenta. Mpita njia huona urembo. Mimi nimeyatazama kwa muda mrefu, na naamini hakuna sehemu ya nyumba ya kawaida ya mji huu iliyofikiriwa vizuri kuliko hiyo.

Ili kuona kwa nini, tuanze na pumzi. Mtu mzima aliyelala hutoa lita 12 hivi za hewa ukaa kwa saa, na mtoto mdogo lita 7. Baba, mama na watoto wawili wanatoa pamoja lita 38. Chumba chetu, kikiwa na kimo cha mita 2.7, kinabeba mita za ujazo 32 na kitu. Kingekuwa kimezibwa kila upande, hewa ukaa ingepanda kwa sehemu 1,170 hivi kwa milioni kila saa, juu ya zile 420 ambazo hewa ya nje inakuja nazo. Saa kumi na mbili asubuhi ingekuwa inakaribia 10,000. Hakuna chumba kilichozibwa hivyo, kwa sababu mlango una mwanya chini na mabati yana mawimbi yake. Lakini yeyote aliyeamka na kichwa kizito katika chumba cha wageni kisicho na tundu anajua hesabu hii inaelekea wapi.

Aliyetupa kipimo ni Mjerumani Max von Pettenkofer, mwanakemia na mwalimu wa afya ya jamii mjini Munich. Mwaka 1858 alipendekeza kwamba hewa ya chumba wanachokaa watu isizidi sehemu 1,000 za hewa ukaa kwa milioni. Alielewa vizuri kwamba kiasi hicho hakimdhuru mtu. Alichagua hewa ukaa kwa sababu inapimika, na inapanda pamoja na vyote vingine tunavyoviacha hewani tukiwa ndani: mvuke wa jasho, harufu, na, kama tunavyojua leo, vijidudu vya kifua kikuu. Zaidi ya miaka 160 imepita na namba yake bado iko kazini.

Tukiishika, hesabu ni nyepesi. Kati ya 420 za nje na 1,000 za mwisho kuna nafasi ya 580. Lita 38 zikigawanywa kwa 580 za milioni, jibu ni mita za ujazo 65 hivi kwa saa, yaani lita 18 kwa sekunde. Hewa yote ya chumba ibadilike mara mbili kila saa, usiku kucha, bila umeme na bila mtu kuamka kufungua chochote. Hilo ndilo deni ambalo yale matofali yaliyotobolewa yanapaswa kulilipa.

Nilimkuta fundi mmoja Buyenzi akijenga chumba cha nyongeza nyuma ya nyumba ya familia. Klaustra zake alizifyatua mwenyewe, kwa kalibu ya mbao iliyopakwa mafuta machafu ili saruji isinate. Mchanganyiko wake ulikuwa mkavu kuliko wa tofali la kawaida. Alishika konzi ya mchanga na saruji, akaibana, akafungua kiganja: ikikaa bila kumeguka na bila kuacha maji mkononi, iko tayari. Maji yakizidi, kuta nyembamba za tundu huinama kalibu inapotolewa, na tundu lililoinama limeshapoteza hewa kabla halijafika ukutani. Tofali likitoka, alilifunika kwa gunia bichi na kulinyunyizia maji kwa siku kadhaa, akiliweka kivulini, maana jua la Bujumbura hukausha saruji kabla haijakomaa na kuiacha dhaifu.

Kila tofali lilikuwa na sentimita 20 kwa 20, na ukitoa miguu ya pambo, nafasi iliyo wazi ilikuwa kama sentimita za mraba 160. Nililigeuza mkononi nikaona jambo ambalo ukiwa chini hulioni: sakafu ya kila kitundu ilikuwa na mteremko mdogo kwenda nje. Mvua ya Machi na Aprili ikija na upepo, maji yanayogonga pale hurudi yalikotoka. Ukingo wa mbele alikuwa ameuchongea mfuo kwa ncha ya msumari, ili tone likatike lisitambae ukutani na kuchafua lipu. Paa nalo lilikuwa limetokeza karibu dhiraa moja na nusu. Hapo mvua imekataliwa mara tatu, na hewa haijanyimwa hata mara moja.

Kabla hajaanza kupanga, alimwita mwenye nyumba. "Mama, chumba hiki watalala wangapi?" Akajibiwa: mimi na mzee, na watoto wawili. Kisha, kama mtu anayekumbuka, mama akaongeza: "Na bibi yao akija kutoka Rumonge." Fundi alikuwa amepanga safu mbili za matofali sita sita kila upande. Aliposikia habari za bibi, alifuta alama za chaki na kuchora nane nane.

Nilirudi nyumbani nikafanya hesabu hiyo kwa karatasi, na hapo ndipo heshima yangu kwake ilipoongezeka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu kutumia hewa ya asili kuzuia maambukizi hospitalini, lilitoa njia ya kukadiria hewa inayopita chumbani kutoka upande hadi upande: zidisha 0.65 kwa kasi ya upepo, kisha kwa eneo la tundu lililo dogo kati ya lile la kuingilia na lile la kutokea. Kwa upepo nilichukua kiwango cha chini kabisa, mita 0.3 kwa sekunde. Ni upepo wa kichochoro, jani la mwembe halitikisiki, moshi tu ndio unaoegemea upande. Matofali 12 yana nafasi ya mita za mraba 0.19. Wavu wa mbu ukishatandikwa nyuma yake, upepo ukiwa dhaifu hivyo, nakadiria nusu ya kazi inapotea. Tuseme zimebaki 0.096. Jibu: mita za ujazo 67 kwa saa. Watu wanne wanadai 65. Bibi akija, na lita zake 10 za pumzi, deni linapanda hadi 83. Na matofali 16 ya fundi yanatoa 90.

Hakuna aliyemfundisha habari za Pettenkofer. Alifundishwa na fundi aliyemtangulia, naye na wa kabla yake, na nyuma yao wote wako wateja waliorudi kulalamika: chumba kina joto, ukuta unatoa ukungu kwenye kona, mtoto hakomi kukohoa. Malalamiko ya vizazi vitatu, yakisikilizwa na watu wanaojali kazi yao, yamefika kwenye namba ileile iliyopatikana kwa chupa za maabara. Aliyekaribia kwa kiasi hicho akitumia chaki na swali moja anastahili kuitwa bingwa, nami namwita hivyo bila kusita.

Lipo pia suala la kuta zipi zitobolewe. Bujumbura imekaa kati ya ziwa Tanganyika, lililo mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, na milima inayopanda ghafla upande wa mashariki. Mchana ardhi ikipata moto, upepo hutoka ziwani kwenda mjini. Usiku milima ikipoa, hewa nzito huteremka kwenye mabonde na kulifuata ziwa. Pepo mbili, njia moja, mwelekeo tofauti. Klaustra zikiwekwa ukuta wa mlimani na ukuta wa ziwani, chumba kinapitiwa saa zote, tundu la kuingilia la mchana likiwa la kutokea usiku. Zikiwekwa upande mmoja tu, hata zikiwa nyingi, upepo unazigusa na kuondoka. Wahandisi wamelipima hilo pia: kwa nguvu ya upepo peke yake, chumba chenye tundu upande mmoja hupata chini ya moja ya ishirini ya kile kinachopata chumba kilichotobolewa pande mbili. Sijui kosa lingine la ujenzi lenye adhabu kubwa hivyo kwa uzembe mdogo hivyo.

Ukitaka kuona kwa macho, washa kijiti cha udi. Nyumba nyingi za Buyenzi zinacho. Subiri watu walale, madirisha yafungwe, kisha kishike karibu na klaustra za upande wa mlimani. Katika chumba kile kipya, moshi ulisimama wima kwa muda mfupi, ukapinda kuelekea ndani, ukapita chini ya dari kama uzi, na upande wa pili ukaingia kwenye matundu bila kutawanyika. Ukikishusha kijiti hadi mwanya wa chini ya mlango, moshi unaingia ndani pia, polepole. Hiyo ni kazi ya joto. Miili ya watu inapasha hewa, hewa inapanda na kutokea juu, ya baridi inavutwa chini kuziba pengo. Usiku usio na upepo kabisa, njia hiyo ndiyo pekee inayobaki, na nguvu yake inategemea umbali kati ya tundu la chini na la juu: umbali ukizidishwa mara nne, hewa inayopita inakuwa mara mbili. Ndiyo maana nyumba za zamani za mtaa wa Rohero, zilizojengwa wakati wa Wabelgiji, zina dari za juu na matundu chini ya paa, na mpaka leo ukiingia mchana unahisi kama umevuliwa koti.

Kuhusu mbu, watu wengi huziba klaustra kwa magazeti au maboksi, na siwalaumu. Malaria ya uwanda wa Imbo, ambako mji huu umekaa, haina mzaha. Ni kweli kwamba Anopheles gambiae, mbu mkuu wa malaria, hupenda kuingilia juu ya ukuta, kwenye mwanya wa paa. Ila kinachomwongoza ni pamoja na ile hewa ukaa tunayoitoa tukilala. Watafiti waliojenga nyumba za majaribio nchini Gambia wameona kwamba chumba kinachopitisha hewa hukusanya hewa ukaa kidogo na hupata mbu wachache. Mkoani Mtwara, Tanzania, zimejengwa nyumba 110 kwa fikra ya namna hiyo, wavu ukichukua nafasi ya sehemu kubwa ya ukuta. Kwa hiyo gazeti linaziba njia moja ya mbu na papo hapo linakoleza harufu inayomwita kwenye njia nyingine, ule mwanya wa mlango. Wavu uliokazwa vizuri unafanya kazi zote mbili. Fundi wangu huubana kwa vipande vya mbao na skrubu kutoka ndani, ili mama mwenye nyumba aweze kuufungua na kuufua, kwa sababu wavu uliojaa vumbi la kiangazi ni gazeti jingine.

Mbabura, yaani jiko la mkaa, ni habari tofauti kabisa, na hapa hesabu inatoa jibu kali. Mkaa ukiungua hutoa kama gramu 200 za kaboni monoksaidi kwa kila kilo. Jiko linalochoma gramu 300 kwa saa, chini ya sufuria ya maharage, linatoa gramu 60 kwa saa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa saa moja ni miligramu 35 kwa mita ya ujazo. Gawanya: zinahitajika mita za ujazo 1,700 kila saa, zaidi ya mara kumi na nane ya kile ambacho klaustra 16 kila upande zinatoa. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Wako wanaouwasha mkaa nje, wanasubiri moshi uishe na mkaa uwe mwekundu, ndipo wanauingiza ndani mvua inaponyesha, wakiamini ubaya umetoka na moshi. Haujatoka. Hakuna idadi ya matundu ninayoweza kuipendekeza kwa chumba chenye mbabura na mlango uliofungwa. Jiko likae uani, chini ya banda lisilo na kuta, na mvua ikinyesha likae hapohapo.

Vipimo vya kimataifa vipo na vina faida, mradi msomaji ajue vimeandikwa kwa nani. Kile cha Marekani cha nyumba za kuishi, ASHRAE 62.2, hutaka lita 0.15 kwa sekunde kwa kila mita ya mraba ya sakafu, kisha lita 3.5 kwa kila mtu, kikihesabu watu kwa idadi ya vyumba vya kulala na kuongeza mmoja. Nyumba ya mita za mraba 60 yenye vyumba viwili inapewa lita 19.5. Humo wamehesabiwa watu watatu. Wakiwa wanane, kama ilivyo kawaida katika nyumba nyingi hapa, kipimo chenyewe kinaruhusu kuongeza lita 3.5 kwa kila aliyezidi, na jumla inafika 37. Shirika la Afya Duniani, wakati wa Uviko, mwaka 2021, lilipendekeza lita 10 kwa sekunde kwa kila mtu. Kwa chumba cha fundi wangu, bibi akiwamo, hiyo ni mita za ujazo 180 kwa saa. Klaustra zake zinafika hapo upepo wa mlimani ukifikia mita 0.6 kwa sekunde, ambao bado ni upepo wa kupindisha moshi tu.

Wasiwasi wangu uko kwa nyumba mpya, zile za vioo vya kusukuma vinavyofunguka nusu tu, kuta laini juu hadi dari, na mashine ya baridi ukutani. Mashine hiyo huchukua hewa ya chumba, huipoza na kuirudisha ileile. Umeme ukikatika, hata ubaridi haupo. Jijini Lima, Peru, watafiti walipima vyumba 70 vya hospitali nane na kuchapisha matokeo mwaka 2007: vile vya kabla ya 1950, vyenye dari ndefu na madirisha makubwa, vilipitisha hewa zaidi ya vile vya miaka ya 1970 hadi 1990, na vyote hivyo, madirisha yakiwa wazi, vilivishinda vyumba vilivyopitishiwa hewa kwa mashine. Wagonjwa wa kifua kikuu walikuwa salama zaidi kwa majirani zao katika jengo la kale.

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi, hata katika nyumba yenye klaustra nzuri, ni dari. Familia inapata fedha kidogo, inaita seremala, naye anapiga dari chini ya lenta kwa sababu hapo pana mahali pa kushikia mbao. Klaustra zote zinabaki juu yake, zikipitishia hewa mabati. Chumba hakipati kitu. Dari ikae juu ya safu ya juu kabisa, na kama imeshapigwa chini, kinachowezekana ni kutoboa ukuta upya chini yake, mlimani na ziwani.

Na chumba cha katikati, chenye ukuta mmoja tu wa nje, kinategemea mlango wa ndani. Hapo ile kanuni ya tundu dogo inarudi: klaustra 16 zenye wavu zina kazi ya mita za mraba 0.128, kwa hiyo njia ya kutokea juu ya mlango isiwe pungufu ya hapo. Mlango wa upana wa sentimita 80 unahitaji nafasi ya kimo cha sentimita 16 juu yake, bila kioo. Fundi huacha shubiri moja.